Kungoja Malipo: Korosho na Sera za Maendeleo Kusini mwa Tanzania

Kwa zaidi ya nusu karne sera za mazao nchini Tanzania zimezunguka swali moja: nani anunue kwa mkulima? Wapo wanaosema serikali, wapo wanaosema ushirika, na wapo wanaoamini kwamba wafanyabiashara wakiachiwa soko, bei itajipanga yenyewe. Mikoa ya Mtwara na Lindi imepitia majibu yote matatu kwa zao moja la korosho, mengine zaidi ya mara moja. Mzee wa Newala mwenye mikorosho ya tangu ujana wake amekwisha kuuza kwa ushirika, kwa mamlaka ya serikali, kwa mnunuzi binafsi aliyefika na lori, kwa stakabadhi ghalani na, katika msimu mmoja, kwa serikali iliyotuma magari ya jeshi kubeba mzigo. Kama tatizo lingekuwa ni mnunuzi tu, kusini wangekuwa wamekwisha kulimaliza.

Mimi naona swali limewekwa mahali pasipo pake. Kinachoamua kama kaya ya mkulima wa korosho itasogea au itarudi nyuma ni muda unaopita kati ya siku magunia yanapopokelewa na chama cha ushirika na siku fedha zinapofika mkononi, na ni nani anayebeba hasara ya muda huo. Mfumo baada ya mfumo umebadilisha mnunuzi, na mara nyingi gharama ya kungoja ikabaki kwa mkulima yule yule.

Fuata mwaka wa mkorosho uone kwa nini. Shamba linapaliliwa na miti kupogolewa masika yakielekea kuisha. Kuanzia Juni hadi Septemba mikorosho inachipua na kutoa maua, na hapo ndipo salfa inapopulizwa kuzuia ubwiriunga, ukungu mweupe unaonyausha maua kabla hayajazaa. Korosho zinaokotwa kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Desemba na Januari, na minada inaanza Oktoba. Januari shule zinafunguliwa. Kati ya Januari na Machi chakula cha ghalani kinapungua, mahindi na mtama mpya bado viko shambani. Fedha za korosho zinaingia mara moja kwa mwaka, zikigawanyika kati ya madeni, ada, bati, sherehe za jando na unyago, na matibabu. Ikifika Juni, wakati shamba linapodai salfa, mashine na mtu wa kupulizia, kaya nyingi hazina kitu.

Katika pengo hilo ndipo kangomba inapoishi. Mnunuzi wa kangomba anabisha hodi Julai akiwa na fedha taslimu au mfuko wa salfa, na makubaliano ni kwamba Novemba atalipwa kwa korosho, kwa kipimo chake, nje ya mzani wa chama. Mkulima anauza korosho zikiwa bado maua. Viongozi wa awamu mbalimbali wamemwita mtu huyu mnyonyaji, na kwa bei anayotoa, jina hilo linamstahili. Lakini anauza kitu ambacho vijiji vingi havikipati kwa mwingine: fedha leo. Anatoza zaidi ya benki yoyote na bado anapata wateja, kwa sababu mtoto mwenye homa Julai hasubiri mnada wa Oktoba. Kumkamata bila kuleta mkopo wa halali mahali pake ni kumwongezea bei tu, maana sasa anatoza na hatari ya kukamatwa.

Historia ya maendeleo ya kusini ni historia ya mipango iliyotungwa kwa kalenda ya watu wengine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kuziba upungufu wake wa mafuta ya kula baada ya vita. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana. Mpango ulivunjwa 1951 baada ya kumeza takribani pauni milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa. Mkorosho, uliofika pwani na Wareno katika karne ya 16, haukuwa na mpango wa namna hiyo. Wakulima waliupanda wenyewe, kidogo kidogo, kwenye mashamba ya muhogo na mbaazi, kwa kuwa unavumilia mchanga na ukame. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000, ikawa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa zao hilo.

Anguko lililofuata linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hadi leo linaelezwa kwa sababu moja moja. Katika andiko lake la 1967 juu ya ujamaa vijijini, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuishi kijamaa. Wapo waliokwisha kuanza kwa hiari yao: huko Songea, vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, Litowa kikiwa maarufu zaidi, vilikuwa vinajiamulia mambo yao, vina shule yao na miradi yao. Mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Miaka minne baadaye kuhamia vijijini kukawa amri, na ilipofika 1977 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa. Kusini maana yake ilikuwa kwamba kaya zilisogezwa kando ya barabara na mikorosho ikabaki nyuma, wakati mwingine mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Mkorosho usiopaliliwa humezwa na pori, na pori huleta moto. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, na ununuzi ukawa wa mamlaka za mazao. Mamlaka ya Korosho ililipa bei iliyopangwa, ndogo kulinganisha na bei ya dunia. Kisha ubwiriunga ukaenea.

Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi takribani tani 16,500.

Wako wanaotaja ugonjwa na kuishia hapo. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, walionyesha kwamba salfa inazuia ubwiriunga, na hilo ni kazi kubwa ya sayansi ya nchi hii ambayo haijasifiwa vya kutosha. Lakini salfa inanunuliwa, na mtu anayelipwa kidogo na kwa kuchelewa hainunui. Ugonjwa ulipata miti iliyokwisha kuachwa, na miti iliachwa na watu waliokwisha kupiga hesabu wakaona haiwalipi. Katika miaka hiyo hiyo serikali ilikopa na kujenga viwanda 12 vya kubangua, vyenye uwezo wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vilikamilika wakati korosho za kuvilisha zinatoweka. Vingi viliishia kuwa maghala.

Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi waliingia vijijini na fedha taslimu. Matokeo yake ni ushahidi ambao wapenzi wa ushirika, nami nikiwa mmoja wao, hatuna budi kuukubali: watu walirudi kwenye miti yao. Mwishoni mwa muongo huo mavuno yalikuwa yamevuka tani 100,000 tena. Fedha ya papo kwa papo ilifanya kile ambacho hotuba za miaka kumi na tano hazikufanya. Bei, hata hivyo, ilikuwa hadithi nyingine. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa 2003 tu. Kabla yake, mvua zikinyesha, kusini ilikatika na Dar es Salaam kwa wiki nyingi. Kijiji kilichofikiwa na lori moja kwa msimu hakikuwa na soko huria. Kilikuwa na mnunuzi mmoja aliyejua kwamba hakuna mwingine anayekuja.

Stakabadhi ghalani ilikuja kuwa jibu la hali hiyo. Sheria yake ilitungwa 2005, na ikaanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/08. Kwa jinsi ilivyofikiriwa, ni chombo kizuri sana. Mkulima anaweka mzigo ghalani, anapewa hati, na hati hiyo anaweza kuipeleka benki akakopa huku akisubiri bei ipande. Yaani kungoja kunageuka kuwa nguvu ya mkulima: asilazimike kuuza siku ile ile kwa sababu ya njaa. Hilo ndilo lengo lenyewe la stakabadhi za ghala popote zinapofanya kazi.

Kwenye korosho haikuwa hivyo. Mkulima alitakiwa kupeleka mzigo kwa chama cha msingi, chama kinaupeleka ghala kuu, na chama kikuu, iwe MAMCU, TANECU au kingine, kinauza kwa mnada. Korosho za mtu mmoja zinachanganywa na za wenzake, na mkulima anabaki na risiti ya uzito ambayo hakuna benki inayoipokea kama dhamana. Haki ya kungoja ilibaki kwa vyama na wanunuzi, na wajibu wa kungoja ukabaki kwake. Miaka ya mwanzo chama kilikopa benki kikamlipa malipo ya kwanza, kiasi cha asilimia 70 ya bei dira, yaani bei elekezi ya msimu, na kilichobaki kikaahidiwa baada ya mauzo. Riba ya mkopo huo iliingia kwenye makato, pamoja na usafirishaji, ghala, ushuru wa halmashauri, ada ya chama cha msingi na ya chama kikuu. Mjengeko wa bei, kama unavyoitwa kwenye vikao, ni karatasi ya makato hayo ambayo wanachama wengi hawajawahi kuishika.

Bei ya dunia iliposhuka msimu wa 2012/13, malipo ya pili hayakufika kama ilivyoahidiwa. Aprili 2013 hasira ilipasuka Liwale, mkoani Lindi, na nyumba za baadhi ya viongozi zikachomwa moto. Kuchoma nyumba ya mtu ni kosa, na siwezi kulipamba. Lakini taarifa za siku zile zilizungumzia fujo zaidi kuliko zilivyozungumzia hesabu, na hesabu ndiyo iliyokuwa inadaiwa. Watu walikuwa wameishi miezi kadhaa kwa fedha walizoambiwa ni zao. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nao walikuwa wamengoja mpaka msimu umeisha.

Baadaye mkopo wa malipo ya kwanza uliachwa, mauzo yakatangulia malipo, na ushindani kwenye mnada ukaongezeka. Msimu wa 2017/18 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada, na mavuno yakafika takribani tani 313,000, rekodi ya wakati huo. Kitu kimoja kilichochangia rekodi hiyo husahaulika. Korosho ghafi zinazouzwa nje zinatozwa ushuru, na sheria ilikuwa inatenga asilimia 65 ya ushuru huo kwa ajili ya zao lenyewe: utafiti, miche, salfa. Zao lilikuwa linajikopesha lenyewe katika ile miezi migumu ya Juni hadi Septemba. Juni 2018 Bunge, kupitia Sheria ya Fedha, lilielekeza fedha zote kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali, licha ya wabunge wa kusini kupinga kwa nguvu. Kwa mtazamo wa Hazina ilikuwa ni kuweka mapato mahali pamoja. Kwa mtazamo wa shamba, salfa ya msimu unaofuata ilikuwa imeondolewa wakati maua yanatoka.

Oktoba ya mwaka huo huo wanunuzi walitoa bei za chini, na wakulima wakakataa kuuza. Kwa muda mfupi, kukataa huko kulikuwa ni mkulima kutumia haki yake ya kusema hapana. Novemba Rais Magufuli akawaondoa mawaziri wa kilimo na wa viwanda, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litasomba. Kijijini tangazo lilipokelewa kwa furaha, na naamini nia ya kumlinda mkulima ilikuwa ya kweli. Kisha uhakiki ukaanza. Wenye kilo zisizozidi 1,500 walitangulia, na wenye zaidi walitakiwa kuthibitisha mashamba yao ili kubaini wa kangomba. Wiki zikawa miezi, na wapo waliofika msimu uliofuata wakiwa bado wanadai.

Kuna jambo la kibiashara hapa ambalo wapanga sera hawakulipa uzito. Tanzania inavuna wakati India, Vietnam na Afrika Magharibi zimekwisha kumaliza akiba au bado hazijavuna. Viwanda vya Asia vinahitaji korosho zetu Oktoba, Novemba na Desemba, na ndiyo sababu tunaweza kupata bei nzuri. Ikifika Februari na Machi mzigo wa Côte d'Ivoire, nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha, unaanza kuingia sokoni. Korosho iliyokaa ghalani kusubiri uhakiki, au kusubiri mkataba na kampuni ya Kenya ambao hatimaye ulivunjwa, ilikuwa inapoteza thamani kila wiki. Nchi nzima ilijikuta katika nafasi ya mkulima: inangoja, na kungoja kunaigharimu.

Suala la viwanda nalo linarudi kwenye muda, ingawa husemwa kana kwamba ni uzalendo tu. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa takribani kilo moja ya korosho iliyobanguliwa. Sehemu kubwa ya mavuno yetu husafirishwa ghafi, na ajira za kubangua zinakwenda na meli. Hilo linauma, hasa ukiwaona kina mama wa Mtwara ambao mikono yao inajua kazi hiyo kuliko mashine. Lakini kiwanda cha ndani kinatakiwa kununua korosho za mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, kwa mkopo wenye riba kubwa, kikishindana mnadani na mnunuzi wa nje anayekopa kwa riba ndogo. Jengo na mashine si kikwazo cha kwanza. Miaka ya 1970 tulikuwa navyo. Serikali imeanza kuandaa kongani ya viwanda Maranje, mkoani Mtwara. Bila mtaji wa msimu wenye riba inayobebeka, na bila utaratibu wa viwanda kupata mzigo mapema kwa bei ya haki, naiona hatari ya maghala mapya.

Jirani zetu ng'ambo ya mto Ruvuma walilipia somo hili la viwanda. Msumbiji, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ilipunguza ushuru wa korosho ghafi katikati ya miaka ya 1990. Hoja ilikuwa kwamba mkulima atapata bei bora. Viwanda vilifungwa, maelfu wakapoteza kazi, na kilichomfikia mkulima kilikuwa kidogo, kwa sababu wafanyabiashara wa kati walibaki na sehemu kubwa ya ongezeko. Baadaye nchi ilirudisha ulinzi wa viwanda vyake.

Wala si soko la korosho peke yake linaloiyumbisha kaya ya kusini. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa kuagiza, na bei kusini na kule Manyara ikaanguka hata wengine wakaacha mbaazi shambani. Kaya iliyotegemea mbaazi kuvuka kipindi kabla ya korosho ilijikuta mlangoni kwa kangomba mapema kuliko kawaida.

Miaka ya karibuni imeleta mabadiliko ninayoyaunga mkono. Mavuno yaliporomoka hadi chini ya tani 200,000 msimu wa 2022/23, lakini ruzuku ya pembejeo na usajili wa wakulima vilirudisha nguvu, na msimu wa 2024/25 yalivuka tani 400,000. Mnada sasa unaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, TMX, na bei zinaonekana na kila mtu. Minada ya kwanza ya Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000. Malipo yanapitia benki, jambo lililopunguza fedha kupotea mikononi mwa viongozi, ingawa linaacha tatizo jingine: fedha zinakwenda kwenye akaunti ya aliyeandikishwa kuwa mwenye shamba, na mara nyingi huyo ni mume, wakati aliyeokota na kuanika ni mke.

Mnada unaonekana, safari ya fedha baada ya mnada bado haionekani. Kutoka kwa mnunuzi hadi chama kikuu, hadi chama cha msingi, hadi akaunti ya mkulima, kila hatua inaweza kula siku, na aliyechelewesha hapotezi kitu. Hapa ndipo sheria inapotakiwa kuuma. Tarehe ya mwisho ya malipo iandikwe, na anayeipitisha, awe mnunuzi, chama au serikali yenyewe, alipe riba kwa mkulima kwa kila siku ya ziada. Stakabadhi itolewe kwa jina la mkulima na itambulike benki kama dhamana, kama sheria ya 2005 ilivyokusudia. Mkopo wa salfa utolewe Mei, udaiwe Novemba, kupitia usajili ambao tayari upo. Na mgawo wowote wa ushuru wa korosho unaorudi kwenye zao ulindwe na sheria ambayo bajeti ya mwaka mmoja haiwezi kuifuta kwa mstari mmoja.

Hakuna kati ya haya linalohitaji itikadi mpya wala kuvunja ushirika kwa mara nyingine. Ushirika unaweza kubaki, wafanyabiashara wanaweza kubaki, na serikali inaweza kubaki msimamizi. Kinachohitajika ni mwanachama kuwa na haki ya kuona hesabu kabla hajaombwa subira.

Nawaomba wabunge na madiwani wa Mtwara, Lindi, Ruvuma, Pwani na Tanga walibebe suala la tarehe ya malipo na riba ya ucheleweshaji kama hoja yao ya kwanza katika bajeti ya kilimo. Na wewe uliye mwanachama wa chama cha msingi, kwenye mkutano mkuu unaokuja omba mjengeko wa bei wa msimu uliopita usomwe makato yote moja baada ya jingine, pamoja na tarehe ambayo mnunuzi alilipa na tarehe ambayo fedha ziliingia kwenye akaunti yako. Usikubali ajenda ifungwe kabla karatasi hiyo haijasomwa.